Kisima Namba Saba Kina Nini?

Maabara, Hospitali ya Wilaya
6 Februari

Baba Watoto,

Salamu nitazitoa mwishoni, kama zitabaki. Dereva wa gari la chanjo ameniletea barua yako asubuhi hii. Nimeisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa, na mara zote mbili imesema jambo lile lile: hukurudi mwisho wa mwezi kama ulivyoahidi kwa sababu pampu ya Kisima Namba Saba imeharibika. Tena.

Hii ni mara ya tisa tangu mradi ukuajiri mwezi wa Juni. Una visima kumi na wanane kwenye hiyo njia ya kaskazini. Kumi na saba vimetulia, hiki kimoja kinadeka kama bibi harusi. Hebu niambie, mume wangu, Kisima Namba Saba kina nini?

Na kwa nini kila kinapougua, ndani ya barua hakosekani Mwenyekiti? "Mwenyekiti wa kamati ya maji alishika kamba yeye mwenyewe." "Mwenyekiti ni mwanamke shupavu." "Mwenyekiti aliniwekea chakula kwenye sahani iliyofunikwa." Sahani imefunikwa kwa nini? Inaona haya? Miaka kumi na miwili nimekupakulia, sijaona popote ulipoandika kwamba sahani yangu ilikuwa na kifuniko.

Sisi tupo. Minara ya simu iliyochomwa wakati wa vita bado imesimama mieusi hivyo hivyo, na amani waliyotia sahihi haijafika huko juu. Jenereta ya hospitali inawashwa kwa ajili ya upasuaji tu, kwa hiyo darubini yangu nimeisogeza dirishani nipate mwanga wa jua. Mawingu yakitanda nafunga kazi. Mkubwa amepoteza jino. Mdogo anamwita dereva wa chanjo "baba wa barua". Nimemkataza, lakini mtoto akishazoea jambo ni kazi kumtoa.

Salamu zimebaki kidogo. Pokea.

Mkeo

*

Stoo ya saruji, Kisima Namba Saba
13 Februari

Mama Watoto,

Barua yako nimeipata, mikono imejaa grisi, nimeacha alama za vidole kila ukurasa. Ukitaka ushahidi kwamba nafanya kazi huku, nitakurudishia uzione.

Pampu ni chuma, mke wangu. Ndani kuna mipira inayozuia maji yasirudi chini. Ikichakaa, mtu anavuta mpini mpaka bega linauma na hapati hata tone. Kisima hiki kinatumiwa na watu wengi kuliko vyote, maana waliokimbia vita wameletwa kukaa karibu nacho. Ndiyo maana kinachoka haraka. Hakuna la zaidi.

Mwenyekiti ni mwenyekiti. Hana mtoto nyumbani, hivyo anapata muda wa kukaa kisimani kutwa, anapanga foleni, anagombana na wanaoruka zamu. Sahani ilifunikwa kwa sababu ya nzi. Kama ungewaona nzi wa huku, wewe mwenyewe ungefunika sahani, sufuria na mume.

Lakini na mimi nina langu. "Baba wa barua" ndiyo nini? Huyo dereva jana amenipa bahasha yako huku akiniambia mapazia mapya ya sebuleni ni ya kijani na yanapendeza. Mimi mwenye nyumba sijui kwamba nina mapazia mapya. Amefika vipi mpaka sebuleni? Chanjo hutolewa sebuleni siku hizi? Kijana ana meno meupe mno kwa mtu anayekula vumbi la barabara. Mwambie bahasha aiache getini.

Nitakuja mwezi wa tatu. Mbusu mkubwa kwenye pengo.

Mumeo, fundi

*

Maabara
27 Februari

Baba Watoto,

Mapazia aliyaona kutoka barabarani, dirisha letu linatazama barabarani, au umesahau nyumba yako? Usinigeuzie kibao. Mimi nimeuliza kwanza.

Sasa nisikilize, kwa sababu nimefanya jambo na silionei aibu. Nimekupima.

Watu wa Kisima Namba Saba wakiugua sana huletwa hapa, mwendo wa siku nzima. Kila anayeharisha, sampuli yake ya choo inafika mezani kwangu na mimi naandika daftarini: tarehe, umri, anakotoka, nilichokiona. Nikasema moyoni, mume wangu anaweza kudanganya, choo hakidanganyi. Kama kweli pampu ilikuwa mbovu, watu walikunywa maji ya kijito wanakokunywa ng'ombe, na mimi nitawaona kwenye kioo. Kama pampu ilikuwa nzima na yeye alikwenda kwa safari zake, kioo kitakuwa kimya.

Nikachukua barua zako zote tangu Juni. Upande wa kushoto wa karatasi nikaandika siku ulizosema umetengeneza. Upande wa kulia nikaandika siku za sampuli kutoka huko. Kazi hiyo nimeifanya saa ya chakula, siku nne, daktari akidhani naandaa ripoti. Akanisifu kwa bidii.

Kilichotoka ni hiki. Tarehe 17 Agosti umetengeneza. Tarehe 29 Agosti watoto watano wanaharisha. Tarehe 10 Novemba umeniandikia, nanukuu, "maji yanatoka kama masika". Tarehe 17 Novemba nina sampuli saba kwa siku moja, idadi kubwa kuliko zote mwaka ule. Desemba vilevile, Januari vilevile. Kila ukishasema "imepona", kabla wiki mbili hazijapita, watoto wa pale wanakunywa kijito.

Basi ama hujui kazi, na mimi nakujua, unaijua. Ama ulikwenda pale na pampu hukuigusa. Na tazama hili: kabla ya Novemba ulikuwa unakwenda mara moja kwa mwezi na nusu. Tangu tarehe 22 Novemba umekwenda mara tano. Kulitokea nini Novemba? Mchovya asali hachovyi mara moja, wahenga walishamaliza.

Nakala ya karatasi nimekuwekea humu. Ijibu tarehe kwa tarehe.

Mkeo wa ndoa

*

Njiani, kati ya Kisima cha Tatu na cha Nne
8 Machi

Mke wangu,

Nimeiona karatasi yako. Sikujua kwamba nimeoa polisi.

Sina la kujibu tarehe kwa tarehe. Nilitengeneza. Kila siku niliyosema nilitengeneza, nilitengeneza, na maji yalitoka, na watu walikuwepo wameona. Novemba hakukutokea kitu kinachokuhusu.

Tafadhali hiyo karatasi usimwonyeshe daktari wala mtu mwingine yeyote. Nakuomba. Ichome.

Fundi

*

Maabara, Hospitali ya Wilaya
15 Machi

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maji, Kisima Namba Saba

Dada,

Hunijui. Mimi ni mke wa fundi wa pampu anayekuja kwenu mara kwa mara, tena mara kwa mara mno. Nimefunga naye ndoa miaka kumi na miwili, tuna watoto wawili, na vyeti vyote ninavyo.

Nilimwuliza kwa upole kilichotokea Novemba, mume wangu wa kuongea kama cherehani ameniandikia mistari minane na kuniambia nichome karatasi. Mwanamume asiye na kitu hasemi "choma". Kwa hiyo nakuuliza wewe, mwanamke kwa mwanamke. Anakuja kufanya nini hapo? Pampu gani inayotengenezwa mara tisa na bado watoto wanaletwa kwangu wakiwa wamekauka midomo? Karatasi ya tarehe hii hapa ndani, isome. Siku alizokuja kwenu na siku watoto wenu walizougua. Kama alikuwa anashika spana, tarehe hizi zisingekuwa hivi.

Nasikia nyumbani kwako hakuna mtoto. Labda ndiyo maana unapata nafasi ya kufunikia sahani waume za watu. Ungekuwa na mtoto anayekuuliza kila jioni baba atarudi lini, ungeona haya.

Mrudishe mume wangu. Sitaandika mara ya pili, nitakuja mwenyewe.

Mkewe

*

Kamati ya Maji, Kisima Namba Saba
29 Machi

Kwa Mke wa Fundi, Maabara

YAH: BARUA YAKO YA TAREHE 15 MACHI

Dada,

Barua yako imefika salama na imesomwa.

Kwanza nikuombe radhi kwa jambo moja. Sheria yetu ya nne inasema barua yoyote iliyoandikwa kwa cheo husomwa kwa sauti mbele ya wajumbe wote. Tuliiweka kwa sababu mwenyekiti aliyenitangulia alificha barua ya wilaya iliyokuwa na habari za maji, tukakosa maji mwaka mzima. Wewe uliandika "Kwa Mwenyekiti". Katibu akaifungua, akaisoma yote, kuanzia "Dada" mpaka "Mkewe". Wajumbe ni kumi na wawili, na waliokuwa kwenye foleni ya maji nao walisogea. Hakuna aliyecheka, ila mzee mmoja, na yeye alicheka pale penye cherehani.

Kuhusu mumeo: analala kwenye stoo ya saruji, juu ya mifuko. Anakula kwa zamu, leo nyumba hii, kesho ile. Zamu yangu ikifika nafunika sahani. Kuhusu maneno mengine uliyoyaandika juu ya nyumba yangu, wajumbe walitaka kujibu. Niliwaambia waache.

Sasa jambo la maji. Katibu akafika kwenye karatasi ya tarehe, akaisoma mstari kwa mstari. Halafu mama mmoja akasema, "Ishirini na tisa Agosti ni wangu." Mwingine akasema, "Kumi na saba Novemba ni wangu wawili." Wakaendelea hivyo mpaka karatasi ikaisha. Dada, sisi tulikuwa tunajua watoto wanaugua. Tulikuwa tunajua pampu inaharibika. Hatukuwahi kuyaona mawili hayo yamekaa upande kwa upande. Tulikuwa tunasema ni majira, wengine walisema ni jicho la wageni waliokimbia vita, na kulikuwa na maneno ya kuwafukuza wasichote. Karatasi yako imeyazima. Waliougua baada ya pampu kufa ni wao na sisi, sawasawa.

Karatasi ina upungufu. Kuna tarehe mbili hukuziandika, 4 Septemba na 19 Novemba. Huna kosa. Hao wawili hawakufika kwako.

Mwezi uliopita wageni wa mradi walikuja kupiga picha, wamevaa vizibao vipya. Mmoja alisoma kwenye karatasi yake kwamba eneo letu lina visima tisa vilivyotengenezwa. Tukamwuliza hivyo vingine vinane viko wapi, tukachote. Akadhani tunatania. Baadaye tulielewa kwamba kila mumeo akija, kisima hiki kimoja kinahesabiwa upya. Fomu zote tisa zina sahihi yake na zinasema "kinafanya kazi". Kwa hiyo kule juu hakuna anayetuma vipuri. Nani atume dawa kwa mtu mzima?

Kamati imeamua hivi. Tunataka vipuri vya kweli, na tunataka wanawake wawili wa hapa wafundishwe kuvifunga, ili pampu ikifa Jumatatu isisubiri fundi wa Jumatatu nyingine. Tumeandika ombi. Lakini sisi tukisema peke yetu ni kelele za kijiji. Tunaomba karatasi yako ya tarehe iende pamoja nalo, ikiwa na muhuri wa maabara. Tunajua ni mumeo. Ndiyo maana tunaomba, hatudai.

Umeandika kana kwamba kuna kitu nimekuchukulia. Na mimi niseme langu, kwa kuwa barua hii naiandika mwenyewe, katibu hayupo. Fundi ametuambia kwamba watoto wako wakiwa na homa, unawabeba hatua mia mbili umefika maabara. Hilo nakuonea wivu, dada. Mume wako sina haja naye.

Mwenyekiti

*

Maabara
4 Aprili

Baba Watoto,

Mwenyekiti wako ameniandikia. Ameniita dada mara tatu. Ningependelea matusi, matusi ningeyajibu. Na mwandiko wake ni mzuri kuliko wangu. Hilo nalo limeniuma, nikueleze ukweli.

Amesema hulali kwake. Namwamini, na sijui kwa nini namwamini yeye kwa barua moja na wewe sikukuamini kwa barua ishirini. Lakini wivu haujaondoka, umehamia kwingine. Kijiji kizima kinajua siri yako ya fomu tisa, kuanzia katibu mpaka mzee anayecheka, na mimi mkeo nilikuwa naambiwa "maji yanatoka kama masika". Yeye unamruhusu akuone unaposhindwa. Mimi unaniletea ushindi mtupu. Nani mke hapo?

Wanataka muhuri. Muhuri uko kwenye droo yangu, hauhitaji ruhusa ya mtu. Nikiupiga, karatasi itakwenda kwa daktari mkuu, itapanda mpaka kwenye mradi, na watauliza ni fundi gani aliyetia sahihi. Utafukuzwa, na kwa hali ya nchi hii sijui utapata wapi kazi nyingine. Nisipoupiga, watoto wataendelea kuletwa. Jana ameletwa mmoja kutoka huko, wa miaka mitatu. Amepona. Nilimpima mwenyewe, na kwa mara ya kwanza nilijua alikunywa nini, siku gani, na nani alisema kisima ni kizima.

Niambie ukweli, safari hii bila masika. Kulitokea nini Novemba?

Mkeo

*

Kisima Namba Saba
14 Aprili

Mke wangu,

Piga muhuri.

Nimeanza na hilo ili nisipate nafasi ya kurudi nyuma. Sasa nakueleza.

Vipuri vya pampu hii havijawahi kufika, tangu mwanzo. Mradi ulioutangulia huu ulifunga pampu za aina yao, vita vilipoanza wakaondoka na ghala lao, na huu wa sasa una vipuri vya aina nyingine. Vinaingia kwenye visima vyote kumi na saba, hiki havikiingii. Niliomba mara mbili, nikajibiwa nisubiri. Watu wamesimama na ndoo, nisubiri nini? Nikakata mpira wa gurudumu la lori, nikaupachika. Maji yakatoka, watoto wakapiga makofi. Unaweza kukaa siku nane, ukibahatika siku kumi na mbili.

Fomu ina visanduku viwili. Kinafanya kazi. Hakifanyi kazi. Hakuna kisanduku cha "kitafanya kazi mpaka Alhamisi". Na siku ninayojaza, kinafanya kazi kweli. Msimamizi aliniambia kila alama ya "kinafanya kazi" ni ushindi, na mradi usipopata ushindi wa kutosha unafungwa, visima vyote kumi na wanane vinabaki bila fundi. Nikajiambia nalinda vile kumi na saba. Mficha maradhi kifo humuumbua, mama yangu alikuwa akisema, na mimi nilikuwa nadhani ni maneno ya wagonjwa.

Tarehe 10 Novemba niliweka mpira, nikavuta mpini mara ishirini, nikatia alama, nikakuandikia ile barua ya masika. Nikaondoka. Mpira ulikatika kesho yake. Walituma mtu kunitafuta, akanikosa, kwenye kizuizi cha barabarani wakamrudisha. Nilirudi tarehe 22. Nilikuta watu wamekaa kwenye mikeka nje ya nyumba ya Mwenyekiti.

Alikuwa na binti wa miaka minne. Walimpakia kwenye baiskeli kumleta hospitali, kwako. Kizuizini walisimamishwa saa tatu nzima. Ni yeye wa tarehe 19.

Nilikuandikia kwamba hana mtoto nyumbani. Ni kweli, nilichagua maneno ya kweli. Ulipouliza Novemba kulitokea nini nikakujibu hakuna kinachokuhusu.

Tangu siku hiyo sisubiri kuitwa. Nakuja kubadilisha mpira kabla haujakatika, naacha visima vingine, nadanganya kwenye ratiba. Hizo ndizo mara tano zako. Hajawahi kunilaumu, hata neno moja. Zamu yake ikifika ananiwekea chakula, na mimi nakula huku nikitazama chini. Ulikuwa sahihi kwamba kati yangu na yule mwanamke kuna kitu. Ningefurahi kama kingekuwa kile ulichodhani, maana kile kingeisha kwa kuomba msamaha.

Wakinifukuza, sitakuja mara moja. Usikasirike, au kasirika, una haki. Nataka nibaki mpaka vipuri vifike na hao wanawake wawili waweze kufunga pampu macho yao yamefumbwa. Mmoja ni yeye. Amejichagua mwenyewe na hakuna mjumbe aliyethubutu kupinga.

Kuhusu barua uliyomwandikia. Mimi sikuwepo ilipokuwa inasomwa. Katibu alinisimulia. Alipofika pale penye habari ya mtoto alitaka kuruka, Mwenyekiti akamwambia, "Soma yote, ndiyo sheria."

Mumeo

*

Maabara, Hospitali ya Wilaya
22 Aprili

Kwa Mwenyekiti,
Kamati ya Maji, Kisima Namba Saba

Dada,

Nimeandika kwa cheo makusudi. Mwambie katibu aisome kwa sauti, asiruke neno, na walio kwenye foleni wasogee.

Mimi ni mke wa fundi. Tarehe 15 Machi niliandika kwamba nyumbani kwako hakuna mtoto, nikaandika na mengine baada ya hapo. Sikujua. Lakini kutojua kwangu hakukunizuia kuandika, wivu ulitosha. Nilitafuta neno litakalokuuma, na mkono wangu ukalipata bila hata kulitafuta sana. Maji yakimwagika hayazoleki, siombi uyazoe. Naomba tu wote waliosikia lile wasikie na hili: nilisema vibaya, juu ya mama aliyefiwa, na yeye akanijibu kwa heshima ambayo sikustahili.

Muhuri nimeupiga. Kwanza niliongeza tarehe mbili. Daftari la maabara halina mahali pa kuandika wasiofika, kwa hiyo nilipiga mstari chini ya ukurasa nikaandika "Hawakufika", kisha 4 Septemba, kisha 19 Novemba, miaka minne, msichana. Wa Septemba sikujua umri. Kalamu iliposimama pale nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi, mpaka daktari mkuu akaja kuniuliza kama naumwa. Nikampa karatasi. Aliisoma mara mbili hapo hapo kwenye ngazi, akaniuliza, "Huyu fundi si ndiye mumeo?" Nikamwambia ndiye. Ameipeleka mradini yeye mwenyewe, na nakala wilayani. Jana tumesikia fundi ameandikiwa barua ya kusimamishwa. Vipuri wamesema vinaagizwa. Mimi nitakuwa nauliza kila Jumatatu, na mimi nikianza kuuliza kitu, mume wangu atakueleza, siachi.

Sampuli yoyote kutoka kwenu itakayofika hapa nitakuandikia siku hiyo hiyo na kumpa dereva. Ukiona barua yangu, jua pampu imeanza kuchoka na kuna waliorudi kijitoni; usisubiri mtu avute mpini akose maji kabisa. Fungua pampu.

Hayo ni ya wajumbe. Katibu aishie hapa, karatasi ya pili ampe Mwenyekiti mkononi. Haijaandikwa kwa cheo.

Mwenzangu,

Nimekaa na barua ya mume wangu siku nne. Nina hasira naye ya kutosha kuendesha jenereta ya hospitali. Ameficha kifo cha mtoto wako ndani ya mzaha wa nzi. Na bado, nikikwambia kwamba wivu umekwisha nitakuwa nimekudanganya. Huko anajifunza kusema kweli, na wanaoisikia ni ninyi. Hapa kwangu ilifika kwa bahasha, tena baada ya mimi kuikaba koo.

Lakini abaki. Nimefikiri, nimelia, nimegombana na ukuta, na nimeona abaki. Kama ni kurudi sasa hivi, atarudi kunikimbilia mimi, na mimi si mahali pa kujificha.

Mfundishwe kila nati. Asikuache mpaka uweze kumkosoa. Siku utakapofungua na kufunga pampu peke yako, yeye amekaa pembeni hana kazi, siku hiyo mwambie mke wake amesema aje nyumbani. Mwambie wewe. Akiambiwa na mimi atajua amesamehewa na mkewe tu, na hilo halitamtosha. Akiambiwa na wewe, atatembea njia nzima bila kusimama.

Na kama huwezi kumwambia, dada, usimwambie. Nitaelewa. Nitamsubiri hivyo hivyo.

Mimi, wa maabara